Mzee Ladislaus na Kamba Isiyoimbiwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Ladislaus Mihayo anatimiza miaka sitini na kustaafu, baada ya kulitumikia Shirika la Visima Ntuzu kwa miaka ishirini na sita. Miaka yote hiyo amekuwa kwenye kikosi kimoja tu, kikosi cha uokoaji, wale watu wetu wanaopigiwa simu binadamu au mnyama anapotumbukia kisimani. Alianza kama mvuta kamba, akawa mshuka visimani, akaishia kuwa mkuu wa kikosi. Ofisi imenipa mimi, Anyes wa chumba cha simu, kazi ya kumwandikia wasifu huu, eti kwa kuwa ndiye ninayeyajua maneno yake. Mzee hana maneno, jamani. Mwenye maneno ni mimi.

Kwanza niwajibu waliokwisha kuiona ratiba ya sherehe. Ndiyo, haina kwaya wala ngoma. Kamati haikusahau na wala si ubahili. Najua kwamba hapa Bariadi kumuaga mtu bila wimbo ni kama kumfukuza, na wengine mmeshanipigia simu kulalamika kana kwamba ratiba niliipanga mimi. Someni mpaka mwisho. Atakayekuwa bado ana neno, anikute kituoni wakati wa chai.

Na kwa habari ya chai, mgeni asiyejua utaratibu wetu huwa anashangaa. Hakuna anayekunywa chai ya asubuhi hapa kituoni kabla hajafunga fundo. Unapewa kikombe kilichojaa mkono mmoja na kamba mkono wa pili, na fundo unalifunga kiunoni mwako mwenyewe. Chai ikimwagika, kikombe kinajazwa unaanza upya. Utaratibu huu aliuleta Mzee Ladislaus, na haukuchagua mtu. Dereva alifunga, mhasibu alifunga, na mimi ambaye kazi yangu ni kukaa na simu nilifunga pia, nikiwa na mimba ya miezi minane na kiuno sikioni. Yeye mwenyewe alifunga wa mwisho, akanywa chai iliyopoa. Kila siku.

Fundo lenyewe ni lile la uokoaji, kitanzi kisichobana hata kikivutwa na uzito wa mtu mzima. Kamba inazunguka kiuno, ncha inabaki kiganjani. Kiganja kinazungushwa juu ya kamba inayokwenda juu mpaka kijipete kinakizunguka kifundo cha mkono. Vidole vinaipitisha ncha nyuma ya kamba ile, kisha mkono unatoka kwenye kijipete ukiwa umeivuta ncha. Likieleweka ni la sekunde chache. Kabla halijaeleweka ni kilio, na mashati ya wengi hapa bado yana madoa ya chai.

Wapo waliouliza kwa nini lisifungwe kwa mikono miwili kama watu wengine. Mzee alikuwa na jibu moja tu. Kisimani mkono mmoja si wako. Utakuwa umeshika ukuta nao, au umemshika mwenzako, au umevunjika.

Mambo ya kuchekesha yalikuwepo, na nisiposema hayo nitakuwa nimemwonea. Kule Lagangabilili aliwahi kumshukia beberu. Alimshika pembe moja kwa mkono wa kushoto, akamfunga kwa mkono wa kulia, na beberu yule badala ya kushukuru akampiga pembe ya mbavu njia nzima ya kupanda. Mwenye mali akafurahi, akatuachia beberu tumle. Mzee akakataa kata kata. Alisema hawezi kumtafuna mtu aliyemwokoa. Alisema mtu, neno tunalolicheka mpaka leo, na beberu akazeekea nyuma ya ghala letu akila maganda ya viazi na kupiga pembe matairi.

Na harusi ya dereva wetu Deogratias, pale Lamadi, walioenda wanaikumbuka. Utepe wa gari la maharusi ulifunguka. Bwana harusi, mkono mmoja umemshika mke, akaukamata utepe kwa mkono wa pili, akauzungusha, akaupitisha, akaufunga. Mshereheshaji akadhani ni mila ya Kisukuma, akawaomba ukumbi mzima wapige makofi. Mzee Ladislaus alikuwa meza ya nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitoa meno nje, na baada ya hapo bendi ilipoanza akachukua kofia yake akaondoka.

Hapo ndipo kicheko chetu kinapokoma. Mzee Ladislaus hakupenda nyimbo. Kwenye kamba alizipiga marufuku kabisa, na marufuku hiyo ilituletea maneno kila kijiji tulichokwenda. Usukumani kazi bila wimbo haiendi. Jembe linaimbiwa, mahindi yanapigwa kwa wimbo, hata lori likinasa kwenye udongo mweusi wa mbuga watu hawaligusi mpaka mmoja aanzishe na wengine waitikie. Sasa wanakuja watu wa shirika, wanasema vuteni mmenyamaza. Tuliitwa wachawi. Tuliitwa watu wa msiba. Mzee hakujieleza, aliinua tu mkono, na aliyeendelea kuimba aliondolewa kwenye kamba awe mwenyekiti wa kijiji au awe nani.

Sababu niliijua miaka mingi baadaye, na aliyeniambia ni mkewe, Mama Milembe, tukiwa tunachambua mchele kwangu. Ninaiandika kwa ruhusa ya Mzee. Nilipomwomba, akasema niandike yote au nisiandike kabisa.

Kabla hajaja kwetu, Mzee Ladislaus alikuwa mkulima wa pamba kwao Mwandoya, na kiangazi akichimba visima na mdogo wake Jilala. Mwaka mmoja wa ukame walikuwa wakichimba kisima kwenye ua wa Jilala mwenyewe. Jilala alikuwa chini, kaka yake juu akivuta ndoo za udongo. Ukuta ukabomoka. Udongo haukumfunika, ila jiwe lilimvunja mkono wa kulia. Majirani walikimbilia pale na kamba ikashushwa. Ladislaus akainama akamwambia mdogo wake ajifunge.

Jilala alikulia machungani. Fundo ambalo vidole vyake vingeweza kulifunga bila msaada wa mkono wa pili, hata usingizini, lilikuwa kitanzi cha kumkamatia dume, kile kinachokaza kadiri mnyama anavyovuta. Akajivika kifuani, akaitikisa kamba kuonyesha yuko tayari. Mtoto yeyote wa huku angefanya vilevile. Juu wakavuta. Walikuwa wengi, walikuwa na furaha kwamba mtu ni mzima, wimbo ukaanzishwa na watu wakaitikia, na Ladislaus akiwa wa kwanza kwenye kamba akavuta kuliko wote. Jilala alipofika juu alikuwa ameshakata roho. Aliyekilegeza kitanzi kile kifuani pake ni kaka yake, kwa mikono ileile aliyovutia.

Jilala aliacha mke, Marcelina, na watoto wadogo. Baada ya arobaini Ladislaus alikwenda kumjulia hali. Shemeji yake alimsalimu, akamwekea kigoda, akaingia ndani. Hakutoka. Mzee alikaa pale uani mpaka jua likamhama, na hakuna aliyemletea hata maji ya kunywa. Mnajua maana yake kwetu. Mgeni hata awe na deni la damu, maji hupewa. Akanyanyuka, akaondoka, na muda si mrefu akaja Bariadi kuomba kazi ya kuvuta kamba.

Tangu siku hiyo hakukanyaga ua ule. Bati za shemeji yake zilitoka kwake, sare za watoto zilitoka kwake, zote kwa mikono ya watu wengine. Kiwanja chake kiko ubavuni mwa ule ua, na nyumba aliyoijenga hapo kwa ajili ya uzee imeezekwa zamani na kufungwa kufuli. Likizo alizimalizia hapa kituoni akikagua kamba. Mwaka huu ulipoanza, kila aliyemuuliza anastaafia wapi alijibiwa kwamba bado anaangalia kiwanja hapa mjini. Mama Milembe hakutaka kiwanja cha mjini. Alitaka kwenda kuzeekea kwao, kwenye nyumba yake, na aliniambia wazi kwamba atakwenda, na mumewe akibaki, basi abaki na kamba zake. Wazee wa miaka sitini, jamani, wanataka kuachana kwa sababu ya kikombe cha maji. Niliumia sana.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, nilipokea simu kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Lagangabilili. Mchimbaji aitwaye Marcelo alikuwa akikarabati kisima cha zamani cha ukoo fulani, ukuta ukamwangukia, matope yamemfika kifuani na anazidi kuzama. Mshuka visimani wetu wa zamu alikuwa amelazwa na malaria. Mzee hakuwa amefunga mkanda wa kushukia kwa miaka kadhaa, goti lake moja lilikuwa limechoka, na wote tulilijua hilo. Akauchukua mkanda ukutani bila kumwuliza mtu.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Deogratias. Mzee alimkuta Marcelo amelegea, kichwa kinalalia matope. Mkono wa kushoto akaupeleka chini ya kidevu cha yule kijana kumwinua apate pumzi, na mkono huo hakuutoa tena. Mkono wa kulia ukapitisha kamba ya pili chini ya makwapa ya Marcelo, ndani ya matope ambamo jicho halioni kitu, ukazungusha, ukapitisha, ukavuta. Kumfunga mwingine hivyo ni kugumu kuliko kujifunga mwenyewe. Miaka yote ile ya chai iliyopoa ilikuwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Juu wakaanza kuvuta, na wanakijiji wakashika kamba kusaidia. Mama mmoja akaanzisha wimbo. Deogratias akainua mkono kama alivyofundishwa. Wazee wakachukia, mmoja akauliza kama tumekuja kuokoa au kuzika, lakini wakanyamaza. Katika ukimya huo ndipo ikasikika sauti ya Marcelo kutoka chini, ndogo, ya mtu aliyeishiwa pumzi, ikisema washushe. Wakashusha. Mguu wa Marcelo ulikuwa umenaswa na mti wa zamani wa ukuta, na kama wangeendelea kuvuta wangemchana. Mzee akaunasua, wakavuta upya. Marcelo yuko hai. Mguu ule haukupona sawasawa na leo anatembelea gongo, lakini yuko hai na ana mke na ana mtoto aliyezaliwa mwezi wa tano.

Tulitegemea Mzee afurahi. Deogratias anasema alikaa kiti cha mbele mpaka Bariadi, akiikunja na kuikunjua kamba yenye matope. Siku zilizofuata alikuwa mzito kuliko nilivyowahi kumwona. Nadhani alikuwa amesikia jinsi ilivyo rahisi, mtu kuita na kusikika.

Redio ikatangaza habari ile, na mambo ya redio hufika mpaka Mwandoya. Wiki chache baadaye, mchana, mama mmoja wa makamo alisimama mlangoni pangu akiwa na kitenge kipya na vumbi la safari. Akanisalimu mwadila, nikamwitikia, akasema anamtafuta Ladislaus ng'wana Mihayo. Nilipotaka kumwuliza yeye ni nani, nikamwona Mzee amesimama mlango wa ghala na kamba mkononi, rangi imemtoka. Nikajua ni Marcelina.

Nikawakalisha kwenye banda la chai. Nilimkaribisha mgeni chai, akaomba maji. Nikamletea kikombe kimejaa, na kwa kweli nilipaswa kuondoka, lakini mimi najijua, nikabaki nikifuta meza iliyokuwa safi. Yule mama hakunywa. Alikizungusha kikombe mezani, kisha akauliza alilosafiri nalo.

"Shemeji, siku ile wakati mnavuta, ulimsikia?"

Mzee akaiweka kamba mezani. Ni swali ambalo hata Mama Milembe hakuwahi kumwuliza.

"Nilimsikia," akasema. "Nilidhani anaitikia wimbo."

Mimi nikaacha kufuta meza. Niliona sasa maji yatamwagwa usoni mwa mtu, na sikujua nitafanya nini. Marcelina hakuinua kikombe. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hayafuti.

"Wimbo niliuanzisha mimi," akasema.

Kisha akaeleza taratibu, akichanganya Kisukuma na Kiswahili. Alitaka kuwapa nguvu. Aliimba kuliko wote kwa sababu aliyekuwa anapanda ni mume wake. Toka siku ile hajaimba tena, hata kanisani hufungua tu kitabu akasimama na wenzake. Siku Ladislaus alipokuja baada ya arobaini, aliingia ndani kuchota maji, akayachota, akabaki amesimama nayo nyuma ya mlango. Hakuona angempaje maji mtu ambaye yeye amemfunikia sauti ya mdogo wake. Alisimama pale mpaka mgeni akaondoka, ndipo akayamwaga.

Mzee alikuwepo siku ile. Alijua tangu mwanzo ni nani aliyeanzisha wimbo. Haikuwahi kumpita kichwani kwamba lile ni kosa la mtu. Na Marcelina alijua ni nani aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba, naye hakuwahi kumlaumu. Miaka yote hiyo, watu wawili wa ukoo mmoja, kila mmoja akidhani yeye ndiye anayechukiwa. Nilikasirika, nawaambia kweli. Sikujua nimkasirikie nani.

Marcelina ndiye aliyesimama kwanza. Akaomba aonyeshwe fundo. Mzee akampa kamba mkono wa kulia, na Marcelina, bila kuambiwa, akashika kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza maji yakamwagika. Nikajaza. Mara ya pili yakamwagika tena, nikajaza tena. Mzee hakumshika mkono, alimwelekeza kwa maneno machache, sauti ya chini. Mwishowe fundo likakaa. Mzee akaishika kamba akaivuta, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zake zote, na kitanzi hakikubana. Alikitazama muda mrefu kile kitanzi kiunoni mwa mke wa mdogo wake. Marcelina akamnyooshea kikombe. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akanywa maji yote.

Simu yangu ikaita, nikakimbilia ndani kuipokea huku nalia. Mpigaji akaniuliza kama tuna msiba. Nikamwambia ndiyo, wa zamani.

Basi Mzee anakwenda Mwandoya. Mama Milembe ameshatangulia kufungua madirisha. Marcelina anasema kwenye kisima cha jirani wanawake wengi huchota wakiwa na watoto mgongoni, na anataka wote wafundishwe fundo. Msidhani kila kitu kimepona. Jilala hakufufuka, kisima kile uani kimefukiwa, na Mzee bado akisikia ngoma huondoka. Ila sasa akiondoka ana mahali pa kwenda.

Hiyo ndiyo sababu ratiba haina wimbo. Jina lake litakapotajwa siku ya sherehe tutasimama kimya, kama tunavyosimama kwenye kamba. Marcelina atakuwepo, kiti cha mbele. Atakayeona ukimya huo ni mzito, auvumilie kwa heshima yao.

Mzee Ladislaus, umetumwagisha vikombe vingi vya chai na umewarudishia watu wengi watu wao. Wabeja sana, baba. Tunakuombea uzee wa raha, goti lipone, mvua ije kwa wakati wake, na maji ya nyumbani yasikuishie. Chai yako ya asubuhi tutaendelea kuimimina na kuiacha ipoe. Nenda salama Mwandoya. Sisi huku tutanyamaza, na siku yoyote ukiita, tutasikia.